Dawa ya Tumbaku

Mimi ni Mzaramo, mzee mwenyeji wangu ni Mnyamwezi, kwa hiyo tangu siku ya kwanza nilipoingia uani kwake Itetemia hatukuwahi kuzungumza kama watu wazima. Utani wa makabila yetu ni wa tangu enzi za misafara, babu zake walipokuwa wakibeba mizigo hadi Pwani na kulala kwa babu zangu. Kwa umri alimzidi baba yangu, lakini aliniita mla nazi, nami nilimwita mpagazi. Majirani walikuja kutusikiliza tu.

Alikuwa amenipa kipande cha shamba lake la mabingobingo, majani ya kulishia ng'ombe, kwa ajili ya utafiti wangu wa viwavijeshi. Nusu niliipulizia maji ya mwarobaini. Nusu nyingine niliiacha bila kitu chochote, ili nipate cha kulinganisha. Nusu hiyo ilimnyima usingizi. Alikuwa na ng'ombe mmoja tu wa maziwa, ambaye ndiye aliyewalisha yeye na mkewe, na kwa mkulima aliyezeeka na tumbaku, kumwona mdudu anakula jani huku mtu amesimama anamtazama ni wazimu. Nilimweleza mara nyingi. Alinisikiliza kama mtu anayesikiliza redio ya jirani.

Asubuhi ile nilimkuta anaosha ndoo.

"Mtani, wadudu wako nimewalaza," alisema. "Jana jioni nimewapa dawa ya tumbaku. Wamelala kama wavivu wa Pwani."

"Ungekunywa na wewe kidogo, upunguze domo," nilimjibu. Tukacheka wote, nikachukua vifaa vyangu nikaenda shambani.

Harufu ya ile sumu ya kupulizia mashamba ya tumbaku ndiyo iliyonisimamisha. Viwavi walikuwa wametapakaa chini, wengine wamejikunja, wengine wananing'inia kwenye majani, wote wamekufa. Hasira zangu ziko karibu, na nilichofikiria kwanza ni kazi yangu ya msimu mzima iliyoharibika. Nilianza kumtukana peke yangu pale pale. Kisha nikaona mashina mabichi. Upande mmoja ulikuwa umekatwa asubuhi hiyo hiyo, chakula cha ng'ombe.

Nilitupa vifaa, nikakimbia.

Ng'ombe alikuwa zizini, hori mbele yake karibu tupu. Udenda ulimtoka mrefu hadi chini, macho yanabubujika machozi, na nyama za mabega zinacheza zenyewe. Niliyaondoa majani yaliyobaki, nikampigia simu daktari wa mifugo. Alikuwa kijiji cha mbali, akasema anapanda pikipiki sasa hivi na dawa anayo. Niliogopa. Niliujua mwendo wa sumu ile, na niliujua mwendo wa pikipiki kwenye mchanga wetu.

Ng'ombe akapiga magoti, kisha akaanguka ubavu. Mke wa mtani wangu akaanza kulia. Mtani mwenyewe alitoka, na aliporudi alikuwa na jirani yake mchinjaji, kisu mkononi, na nyuma yao watu wenye mabeseni.

"Tumuwahi kabla hajawa kibudu," mchinjaji alisema, akaanza kumgeuza ng'ombe aelekee kibla.

"Asichinjwe," nilisema. "Nyama hii ina sumu. Itaua watu."

Watu wakacheka. Mama mmoja mwenye beseni akasema, "Mtani huyo. Anataka aile peke yake."

Nilirudia kwa sauti kubwa zaidi, wakazidi kucheka. Nikasimama kati ya kisu na shingo, nikafoka kuhusu ile dawa na watoto wao, na kadiri nilivyokasirika ndivyo walivyoona utani umenoga. Mtani wangu hakucheka, lakini hakunitazama pia.

"Toka hapo, mla nazi," alisema taratibu. "Usiniongezee hasara."

Mchinjaji alikuwa ameshaushika utaya. Ng'ombe alipumua kwa kukoroma, na kila pumzi ilikuja ikiwa imechelewa kuliko iliyotangulia. Nikapiga magoti kwenye samadi mbele ya mzee yule, nikainamisha kichwa.

"Shikamoo, baba."

Sikuwahi kumwamkia. Kati yetu tusi ndilo lililokuwa salamu, na kila aliyekuwa pale alilijua hilo. Mama mwenye beseni aliacha kucheka.

Mzee aliniinamia.

"Marahaba," alisema. "Ni kweli, mwanangu?"

"Ni kweli, baba. Usiwalishe watu."

Akamshika mchinjaji mkono. "Mwache," alimwambia. "Mwache afe."

Hakufa upesi, na sote tulisimama tukimsikiliza. Daktari alifika tumeshaanza kuchimba shimo. Alilitazama hori, akatuambia tunawe mikono na shimo liende chini zaidi. Nilichimba pamoja nao, kwa kuwa mtani hakai pembeni kwenye msiba, na huyu ng'ombe alikuwa msiba. Mke wa mzee alimfunga ndama nyuma ya nyumba asione.

Wiki iliyofuata nilirudi Itetemia. Mzee alinitolea kiti, akakifuta vumbi kwa kiganja.

"Karibu, mtaalamu," alisema.

Nilimuuliza ni mpagazi gani huyu wa siku hizi, anayetoka jasho kwa kubeba kiti kimoja.

"Ndiyo, mwanangu," alijibu, akaenda kumwambia mkewe aniletee maji ya kunywa.