Kichujio Kwenye Kamba ya Nguo

"Shoga, yule dobi wa chini kaanza uchawi," mke wa kinyozi alisema pale ngazini, mkono kiunoni. "Kaanika kidude cheupe katikati ya mashati ya watu. Kinachuruzika, na hata kola hakina!"

Mama kijana alicheka, akamkaza mwanawe mgongoni, akashuka.

Alimjua vizuri yule bibi dobi. Mikono yake ilikuwa imekunjamana kwa maji, na kwake hakukuwa na uchafu usiotoka. Kulikuwa na watu wasio na subira tu. Mjukuu wake, aliyeachiwa amlee, alikuwa amekaa chini ya meza ya pasi na kikombe chake cha maji.

Kweli, kile kipande cha ndani cha kichujio cha bomba kilining'inia kambani kwa vibanio viwili.

"Bibi, na hiki?"

"Nimekifua. Kilianza kutoa maji kwa manung'uniko. Nimekitia maji ya moto na sabuni, nikakisuuza. Si mara ya kwanza. Kipya cha nini, na hiki bado kizima?"

Mama kijana alikitazama kile kipande kikidondosha maji. Mabomba ya jengo lao yalikuwa ya zamani, yenye madini ya risasi, sumu kwa watoto, ndiyo maana kila nyumba iliambiwa ifunge kichujio. Fundi alimwonya: maji ya moto yanakiharibu, na muda wake ukiisha hutupwa, kikawekwa kingine. Lakini utamwambiaje dobi kwamba kuna kitu hakifuliki?

"Samahani, bibi. Hicho hakifuliki. Kikichoka, risasi inapita na maji mpaka kikombeni. Hata kuyachemsha hakuiondoi."

"Mbona maji yenyewe meupe pe!"

"Haionekani, bibi. Wala haina ladha."

Dobi alitazama kamba, kisha mjukuu. Akainama, akakichukua kikombe chake taratibu, akamwaga yaliyobaki kwenye beseni la nguo. Mtoto akaangua kilio.

"Lia, mume wangu, lia. Una haki."

"Nitakuletea maji ya kwangu, bibi. Na kliniki wanapima damu kuona kama risasi imeingia. Kesho nampeleka huyu."

Dobi aliketi juu ya ndoo aliyoifudikiza, mtoto mapajani, akimfuta machozi kwa upindo wa kanga.

"Basi mchukue na wangu, mwanangu. Mimi nikiona sindano inamwingia, nitaanguka mbele yake, nimtishe bure. Mshike wewe."