Tulipoizima Saa ya Mashindano

Nitajisifu, na asiyependa kusikia mtu akijisifu aishie hapa. Miaka yote niliyoishi ukimbizini mkoani Kigoma nilifundisha fizikia bila maabara na bila kitabu hata kimoja cha mwanafunzi, na darasa langu liliijua fizikia. Niliiokota bure mtandaoni, kipande kwa kipande, nikaibeba hadi darasani. Leo naishi Ujiji, na nikisikia watu barazani wakisema intaneti ni ya kuharibu watoto, huwa nacheka kwanza, halafu nakasirika.

Mimi ni mtoto wa Buyenzi, Bujumbura, mtaa ambao watu wake husema Kiswahili kabla ya kusema kitu kingine chochote. Tulipokimbia tulifika ufukweni upande wa Tanzania kwa miguu, meli ikatuleta Kigoma mjini, kisha mabasi yakatupandisha kambini, mbali na ziwa. Niliumwa na ukosefu wa ziwa kuliko ukosefu wa nyama. Lakini mwalimu ni mwalimu popote, na kabla sijajua hata bomba la maji liko upande gani nilikuwa nimeshasimama mbele ya ubao.

Shule yetu ya sekondari ilikuwa na mchepuo wa lugha, uliojaa hadi madirishani, na mchepuo wa sayansi, ambao ulikuwa darasa moja tu, la kwangu. Mkuu wa shule, ambaye Warundi tulimwita Direkta, alikuwa mtu mwadilifu na mwenye haraka. Mwanzoni mwa muhula mmoja aliniita akanieleza bila kuzunguka. Mkaguzi wa elimu angekuja kutoka mjini. Kama darasa langu lisingeonyesha kwamba linajifunza, mchepuo wa sayansi ungefungwa na wanafunzi wote wangehamishiwa lugha.

"Madamu, hauna hata balbu moja," akaniambia. "Unafundisha umeme kwa mdomo."

Iliniuma kwa sababu ilikuwa kweli. Nilikuwa nachora taa ubaoni kwa chaki na kuwaambia watoto waamini kwamba inawaka.

Kambini kulikuwa na ukumbi wa kompyuta uliotumia umeme wa jua, na tableti chache ambazo shule ziliruhusiwa kuazima. Msimamizi wake alikuwa Muha wa Simbo, baba wa makamo, na Kiha chake na Kirundi chetu vilielewana bila mkalimani. Nilimwendea nikamwamkia, nikamwambia nataka maabara.

"Maabara sina, madamu," akasema. "Nina mtandao, nao una nguvu asubuhi na mapema, kabla watu hawajaanza kutafuta habari za nyumbani. Wahi."

Nikawa nawahi. Nilipata tovuti za bure, tena kwa Kifaransa, lugha ya mitihani yetu. Kulikuwa na video fupi za walimu ambao sitawajua kamwe, na Mungu awabariki. Kulikuwa pia na mchezo mmoja ambao nilipouona nilipiga makofi peke yangu. Kwenye skrini unapewa betri, waya na taa, unaviunganisha kwa kidole, na ukiunganisha vizuri taa inawaka. Nilipakua kila kilichokubali kupakuliwa, ili mtandao ukikatika somo libaki.

Siku ya kwanza ya umeme, kundi moja lilivuta waya kutoka upande mmoja wa betri hadi wa pili bila kuweka taa katikati. Betri ikawaka moto kwenye skrini. Wote wakaruka nyuma. Mwanafunzi mkubwa kuliko wote, baba wa watoto wawili ambaye vita vilimnyima shule utotoni, akavua koti akaifunika tableti ili kuuzima moto. Wenzake walimwita Mutama, yaani mzee, ingawa hakuwa na unywele mweupe hata mmoja. Tulicheka mpaka darasa la jirani likaja kuchungulia, na tangu siku ile hakuna aliyenihitaji nimweleze kwa nini waya mtupu ni hatari.

Kiburi kikanipanda. Nikapata tovuti nyingine, ya maswali ya mashindano. Swali linatokea, majibu manne yenye rangi, saa inahesabu kurudi nyuma, na anayebonyeza haraka anapata pointi nyingi. Nikasema hii ndiyo ya kumfumba Direkta mdomo. Nikamwalika aje aone majaribio kabla ya mkaguzi.

Swali la kwanza likatokea. Tableti zilikuwa chache, kwa hiyo kila kundi lilikuwa na moja. Hakuna aliyebonyeza. Katika kila kundi tableti ilikuwa imewekwa mbele ya mkubwa wao, naye alikuwa akimuuliza mmoja mmoja, kuanzia mdogo, "Wewe unasemaje?" Walizungumza kwa sauti ya chini, kwa adabu, mmoja akimaliza ndipo mwingine anaanza, kama wazee wa vilimani kwetu Burundi wanaposuluhisha kesi ya mpaka wa shamba. Kundi la Mutama lilimaliza mapema, nalo likakaa kimya likiwasubiri wengine, maana kwao kubonyeza peke yao kulikuwa sawa na kuanza kula kabla wageni hawajanawa. Saa ikaisha. Swali la pili likaenda vilevile, na la tatu.

Skrini ikatangaza matokeo kwa muziki wa furaha. Makundi yote yalikuwa na sifuri.

"Hata mashine imesema," Direkta akanong'ona, na kwa kweli hakuwa na furaha. Aliondoka akitikisa kichwa.

Niliwafokea. Niliwauliza kama wameamua kunifedhehesha, na kama wanautaka kweli mchepuo huu au wanataka kwenda kukariri mashairi. Mwishowe Mutama akasimama.

"Madamu, tulikuwa bado tunasikilizana."

"Jibu mlilijua?"

"Ego, ndiyo. La kwanza tulilijua. La pili, huyu binti alikuwa hajakubali." Akamwonyesha msichana mwembamba wa kundi lake, mbishi kuliko kanisa zima la wabishi. "Hatuwezi kubonyeza wakati mwenzetu hajakubali."

Nikamuuliza msichana kwa nini hakukubali. Akanieleza. Halafu yule wa pembeni yake akaeleza kwa nini yeye alikubali. Nikavuta kiti nikakaa. Sababu zao zilikuwa nzuri kuliko majibu ya ile tovuti, na ile tovuti haikuwa na mahali popote pa kuzisikia. Hasira yangu ikawahama wao ikahamia kwenye saa. Nani aliwaambia watu hawa kwamba anayejua ni yule mwenye kidole chepesi?

Kesho yake mimi na msimamizi tuliitafuta sehemu ya kuizima saa mpaka tukaipata, imefichwa ndani kabisa ya mipangilio. Nikaongeza kitu kingine cha bure, ubao wa mtandaoni ambao kila kundi linaandika juu yake na wote wanausoma. Sheria yangu ikawa moja. Jibu bila sababu halipokelewi, na mwenye kutokubali aandike naye. Kila mmoja aliwajibika kusema, hata waliozoea kujificha nyuma ya mgongo wa mwenzao. Ubao ulijaa. Wiki chache tu na watoto walikuwa wanagombania sababu hata kwenye foleni ya maji.

Direkta hakuridhika. "Mtihani wa taifa una saa, madamu."

"Mtihani una saa nzima nzima," nikamjibu. "Ule mchezo ulikuwa wa kufumba na kufumbua."

Mkaguzi alifika akiwa na vumbi hadi kwenye nyusi. Alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, anayezungumza Kifaransa kizuri na Kiswahili cha Kigoma. Tulimwamkia shikamoo, akaketi. Nilianza kumwonyesha ubao wetu, lakini akaomba awape swali lake mwenyewe.

"Nina betri moja na taa mbili, kila taa na njia yake. Nikiongeza taa ya tatu, nayo na njia yake, zile mbili zitafifia?"

Makundi yakainamiana. Minong'ono ikaanza, mmoja mmoja, kuanzia mdogo. Mkaguzi akangoja. Akatazama saa ya mkononi. Mimi nilikuwa naona mchepuo wangu umeshaweka mguu mmoja nje. Direkta akashindwa kuvumilia. Akasimama, akajikohoza, akataka kuwajibia.

"Buretse, Direkta," yule msichana akasema. Subiri. "Bado hatujamaliza."

Sikuwahi kusikia mtoto wa Kirundi akimwambia mkuu wa shule hivyo. Direkta akakaa.

Walipomaliza, Mutama akasimama kwa niaba ya wote. Akasema hazitafifia, kwa kuwa kila taa inapata nguvu ileile ya betri kwa njia yake yenyewe, na ndivyo walivyoona walipounganisha kwenye skrini. Mkaguzi akaanza kutabasamu.

"Lakini mmoja wetu hajakubali," Mutama akaendelea, "na ana haki."

Msichana akasimama. "Betri ya kwenye skrini haichoki. Ya redio yetu nyumbani inachoka. Ukiibebesha taa nyingi, zote zinafifia. Kwa hiyo inategemea betri, mama."

Mkaguzi aliweka kalamu chini. Akawauliza swali jingine, na jingine, na hakutazama tena saa. Kufikia mwisho alikuwa amehamisha kiti chake, amekaa katikati ya kundi, anabishana nao. Mimi nilisimama nyuma ya darasa, machozi yananilenga, na sikujali nani ananiona. Watoto wangu wale. Hakuna kitabu, hakuna balbu, na mtu wa mjini anabishana nao kama wenzake.

Alipoinuka alizungumza na Direkta mlangoni kwa muda. Kisha Direkta akarudi mbele ya darasa peke yake, akakunja mikono nyuma.

"Mchepuo wa sayansi unabaki," akasema.

Nilitegemea vigelegele. Wote wakamtazama, na msichana akanyoosha mkono.

"Kwa sababu gani, Direkta?"

Direkta alinitazama, akawatazama wao.

"Kwa sababu mnaijua fizikia," akasema, "na mimi niliamini mashine kabla sijawasikiliza."

Msichana akalipima jibu hilo kidogo, akawageukia wenzake mmoja mmoja, kisha akakaa.

"Nimekubali," akasema.