Walipokuja Kumjulia Hali

Wifi yangu ni nesi wa shule ya msingi, na watoto wamempa jina: Mama Rudi Nyumbani. Wanamwita hivyo akishawapa kisogo. Yeye anajua, anajifanya hasikii. Mimi ni dada wa mumewe, tunaishi nyumba moja, na niseme mapema kwamba mwanamke huyu ana kichwa kigumu. Nampenda, lakini ndivyo alivyo, tufanyeje?

Chumba chake pale shuleni kimebanwa kati ya ofisi ya walimu na stoo ya mipira. Kina kitanda kimoja, ndoo ya bomba na sabuni mlangoni, kipimajoto, na kiti cha mzazi. Kiti hicho kimeona vita! Mzazi anakaa, anaanza: "Nesi, ni mafua tu." Na kama kweli ni mafua, pua inatiririka lakini mtoto amekula na anacheza, wifi anamfundisha kukoholea kwenye kiwiko, anamnawisha mikono, anamrudisha darasani. Hana ugomvi na mafua. Lakini akigusa shingo akakuta moto, maneno yameisha. Mwenye homa akae nyumbani mpaka imwache siku nzima bila dawa. Aliyetapika, anayeharisha, mwenye jicho jekundu linalotoa tongotongo, wote njia ni moja.

Hilo la "bila dawa" ndilo linalowaudhi wazazi. Wajanja humnywesha mtoto dawa ya homa alfajiri, akafika getini amepoa, na kufika mapumziko anatetemeka juu ya dawati. Wifi anawajua wote, wala hawasemi vibaya. "Yule mama asipoonekana kazini leo, kesho nafasi yake ina mtu," aliniambia siku moja. "Unadhani anapenda?" Basi hukaa naye, wakahangaika pamoja kutafuta bibi, jirani, yeyote wa kumshika mtoto. Ila darasani harudi. Hapo hata ugaegae chini.

Halafu yakamfika mwenyewe. Katikati ya muhula, shule zikiwa likizo fupi, mwanawe aliamka na vipele vya maji kifuani na mgongoni. Mtoto huyo nimembeba mimi, shangazi yake, tangu hajui kukaa, na kumwona anajikuna vile niliumia. Tetekuwanga. Shule ilipofunguliwa, wenzake wa darasa la tatu walirudi, yeye akabaki na mimi, amepakwa losheni mwili mzima.

"Mpaka vyote vikauke, kisipatikane hata kimoja chenye maji," mama yake alitangaza.

"Watanisahau," mtoto akaniambia. Akageukia ukutani, akalia kimyakimya.

Sasa kuhusu mwalimu wao. Ni mtu mwema, mchangamfu, watoto wanamganda. Alikuwa na mimba changa, na waliojua ni mumewe na wifi yangu tu, kwa sababu kichefuchefu kilimshika shuleni akakimbilia chumba cha nesi. Mimba mbili zilishamtoka. Zote alizitangaza mapema. Watu walimpongeza, kisha watu walewale wakaja kumpa pole. Hii akaapa ataificha mpaka tumbo lijitangaze lenyewe, na wifi akamwahidi kufunga mdomo. Na tetekuwanga kwa mjamzito ambaye hajawahi kuiugua si mchezo. Inaweza kumwangusha vibaya yeye, na ikamdhuru hata aliye tumboni. Wifi alimuuliza siku shule ilipofunguliwa kama aliwahi kuugua.

"Nilishaugua zamani, utotoni. Hata hadithi yake naijua."

"Muulize mama yako. Halafu nenda kliniki wakupime damu."

Mwalimu akacheka, akaenda kufundisha. Mambo haya yote mimi wakati ule sikuyajua hata chembe. Nayasema sasa msije mkamlaani wifi yangu, maana mimi nilimlaani.

Mchana mmoja nilisikia nyimbo barabarani. Kuchungulia, nani? Darasa la tatu zima, wamepanga mistari miwili, mwalimu mbele na mfuko wa machungwa. Wamekuja kumjulia hali mwenzao! Moyo wangu ulijaa. Mtu akiugua haachwi peke yake, ndivyo tulivyolelewa, na mwalimu alikuwa anawalea hivyo. Wala hakuna aliyewaza kwamba mtoto amefungiwa nyumbani ili ugonjwa usiwafikie, na sasa wao wameufuata kwa miguu yao. Nilibandika sufuria ya chai, kubwa kabisa.

Wifi alishatoka kazini, alikuwa uani anafua mashuka. Alikuja mbio na povu mikononi, akasimama mlangoni, akauziba wote.

"Karibuni," akasema, "lakini msiingie."

"Karibu gani hiyo ya kutoingia?" nikamuuliza kwa sauti.

"Nesi," mwalimu akasema kwa upole, "watoto wametembea na jua hili. Tumpe mkono tu, tuondoke."

"Mkono hapana. Rudini kule kwenye kamba ya nguo, atawapungia dirishani."

Mwalimu akasogea hatua, akashusha sauti. "Mimi nilishaugua. Si nilikuambia?"

"Umemuuliza mama?"

Uso wa mwalimu ukabadilika. "Kwa hiyo naonekana mwongo?"

Majirani walishaanza kutoka. Fundi cherehani wa nyumba ya pili akapiga makofi: "Makubwa haya! Mgeni wa mgonjwa anafukuzwa mlangoni!" Na mtoto ndani anagonga dirisha kwa viganja, "Mama, waache waingie! Mama!" Nilimwona wifi midomo inamcheza. Neno moja tu angelitamka, kila mtu pale angemwelewa. Hakulitamka, na hakusogea.

Mwalimu akaweka machungwa chini. "Watoto, twendeni. Nesi wetu kumbe roho yake ndiyo hii."

Nilizima jiko. Nikamwambia wifi ameniaibisha mimi, amemwaibisha kaka yangu, amemvunja moyo mwanawe, na kwamba uuguzi umemtoa utu. Akajibu, "Sawa, wifi," akarudi kwenye mashuka. Hilo "sawa" ndilo lililonichoma zaidi. Mtu akigombana nami nataka agombane!

Mtoto alipona, akarudi shule, na wala hawakumsahau. Waliomsahau mama yake ni wakubwa. Ofisini walimu walimjibu salamu kwa nusu mdomo, chai wakamwachia anywe peke yake kwenye kile chumba chake. Nami nyumbani nilikuwa nampakulia chakula bila maneno.

Ndipo siku moja ya mapumziko mwalimu akaja kwetu nyumbani, peke yake, na tumbo sasa linaonekana wazi chini ya gauni. Mimi nilibaki mdomo wazi. Wifi akamkaribisha kiti, na mwalimu akakaa.

"Nimemuuliza mama," akasema. "Aliyeugua ni dada yangu. Mimi nilipelekwa kwa bibi ili nisiambukizwe. Nimeisikia hadithi ya vile vipele tangu mdogo, mpaka nikadhani ni yangu. Kliniki nao wamenipima, wamesema sina kinga kabisa."

Nikamgeukia wifi. "Na mimi je? Ungeniambia si ningesimama nawe pale mlangoni?"

"Wewe? Ningekuambia wewe, jioni ile mtaa mzima ungekuwa unafuma soksi za kichanga."

Mwalimu akacheka mpaka akashika tumbo. Kisha kicheko kikamkatika, machozi yakaanza kumtoka, na hakuyafuta.

"Ulikubali nikutukane mbele ya watoto," akamwambia. "Na hukuwa na uhakika. Je, kama kweli nilikuwa nimeugua? Si ungekuwa umedhalilika bure?"

Wifi akamtazama.

"Mwalimu, kila usiku nilikuwa naomba iwe hivyo. Niwe nimedhalilika bure."