Mkono Begani

Tangawizi ikichimbwa mbichi ina harufu inayokaa mkononi hata ukinawa kwa sabuni ya mche. Kila Jumapili ya utoto wangu, kanisani kwetu milimani juu ya Same, upande wa akina mama ulinukia harufu hiyo, imechanganyika na moshi wa kuni ulioganda kwenye vitenge. Upande wa akina baba ulinukia makoti yaliyolala sandukuni wiki nzima. Hivyo ndivyo tulivyokaa, wanaume kulia, wanawake kushoto, watoto mbele kabisa chini ya macho ya mwinjilisti, na sikumbuki mtu akiuliza kwa nini. Nje ukungu ulitambaa mpaka kwenye migomba, na ukiachia kidogo uliiona tambarare kule chini, nyekundu na yenye joto, ambayo sisi wa juu tuliishukia siku ya gulio tu. Nilipenda kanisa lile. Nalipenda hadi leo, na ndiyo maana naweza kulisema.

Tulikuwa na desturi moja ambayo sijaiona kwingine. Wazee wa kanisa walipoingizwa kazini, kila mmoja aliitwa mbele kwa jina, akasimama kuelekea madhabahu, na mkewe akaja kusimama nyuma yake na kumwekea mkono wa kulia begani mpaka sala iishe. Walisema maana yake ni kwamba kazi ni ya wote wawili, kwa sababu mzee akiitwa msibani ni mkewe anayebaki na ng'ombe, na wageni wa mzee ni wageni wa jiko lake. Wanawake nao walichaguliwa kuwa wazee, tena tangu zamani, na watu wetu walijivunia hilo mbele ya majirani. Ila wote waliochaguliwa walikuwa wajane. Sidhani kama kuna aliyepanga. Watu walipiga kura zao tu, na kura zikamwangukia mwanamke asiye na mume wa kumwomba ruhusa. Mjane alisimama peke yake, watu wakamwonea huruma, ibada ikaendelea. Basi nilipokuwa darasa la tano wakamchagua mama yangu, Nakunda, mwalimu wa shule ya Jumapili, mwanamke mwenye mume mzima wa afya, anayekaa benchi la tatu upande wa kulia. Ndipo kanisa zima lilipogundua kwamba halijawahi kufikiria nani atamshika bega.

Baba hakuwa mtu mbaya, nisije nikamsingizia. Hakunywa, hakumwinulia mama mkono, na alikuwa fundi ujenzi ambaye kuta zake zimesimama mpaka sasa. Siku ile jina la mama lilipotangazwa alitabasamu, nilimwona kwa macho yangu. Yaliyomharibu yalianzia kwenye ndiva, lile bwawa letu la kukingia maji ya mfereji. Baragumu lilipigwa, wanaume wakatoka kwa msaragambo, kazi ya kijiji kizima, kuzoa tope lililojaa bwawani, na mimi nikatumwa kumpelekea baba makande. Nilipofika walikuwa wamesimama kwenye tope hadi magotini wakimtania. Mmoja alitaka kujua limbwata alilolishwa ni la kuchemsha au la kukaanga. Mwingine akamuuliza kama ameshachagua kanga ya kujifunga siku ya kusimama nyuma ya mzee wake. Baba akacheka nao, akacheka sana hata. Lakini bakuli la makande nililirudisha nyumbani limejaa kama lilivyokwenda.

Tangu hapo nyumba yetu ikawa nzito. Hawakugombana kwa kelele. Kwetu kelele zingekuwa nafuu. Mwinjilisti alikuja, akanywa chai, akazunguka zunguka na habari za mvua, kisha akasema kwamba kwa mtu asiye mjane, bila mkono begani hajui namna ya kuendesha ibada, kwa hiyo baba asiposimama, mama asubiri uchaguzi mwingine. Au basi, akasema, asimame kaka yake mama. Mama alikuwa akichambua maharage kwenye ungo. Alimjibu kwa upole kwamba yeye hakuolewa na kaka yake. Bibi, mama yake baba, aliyekuwa akiota moto pembeni, akadakia kwamba haya yote ni makuu tu, kwamba yeye alimshika bega marehemu babu bila kuitisha kikao, na kwamba mke ameambiwa amtii mume, maneno hayo yanasomwa kwenye kila harusi. Mama akasema ni kweli yanasomwa, ila wasomaji huanza mstari mmoja chini ya pale panapowaambia wote wanyenyekeane. Nilijua Bibi amechukia, kwa sababu aliacha kuongea nasi Kiswahili, na kwa siku kadhaa akawa anamsemesha mbuzi kwa Chasu, Kipare chetu.

Jioni moja, mvua ikiwa imetufungia wote ndani, baba alisema la moyoni. Alisema akiwa ameinama, anafunga kamba ya kiatu iliyokuwa imeshafungwa. "Mama Neema, nikisimama nyuma yako siku hiyo, nitakuwa nyuma yako siku zote."

"Mimi nimesimama nyuma yako tangu uliponioa," mama alisema. "Umeona nimepungua nini?"

Mimi nilikuwa nimejikunyata nyuma ya pazia la mlango, na niliumia kwa ajili yao wote wawili, kwa sababu nilimwona baba akitaka kusema ndiyo, atasimama, na neno likamkwama. Nilimwomba Mungu amkwamue. Niliomba kama watoto wanavyoomba, kwa masharti na ahadi nyingi.

Jumapili ya kuwaingiza wazee kazini ilipofika, mwinjilisti akiwa bado hajapewa jibu, baba aliamka mapema akapiga viatu rangi, akavaa koti lake la harusi. Moyo wangu ukaruka kwa furaha. Tukashuka kanisani kwa mpangilio wetu wa siku zote, yeye mbele na fimbo yake, mama nyuma na mdogo wangu mgongoni, Bibi akifuata polepole na mkongojo. Wazee wapya waliitwa mmoja mmoja. Wanaume wakasimama, wake zao wakatoka upande wa kushoto na kuwashika mabega. Likaitwa jina la mama. Akanikabidhi mtoto, akaenda, akasimama. Nyuma yake pakabaki wazi. Nikageuka kumtafuta baba. Alikuwa ameinamia kofia yake, anaizungusha kwa vidole kama anatafuta ilipotoboka. Mwinjilisti akakohoa. Akasubiri, akakohoa tena. Mama hakugeuka nyuma hata kidogo, lakini niliziona kingo za kitenge chake alizokuwa akizifinya.

Kisha nikasikia mkongojo kwenye sakafu ya saruji. Bibi alikuwa amesimama. Alitembea kwa mwendo wake ule ule wa kwenda kisimani, bila haraka na bila kumtazama mtu, akapita mbele ya benchi la mwanawe, akafika nyuma ya mama. Bibi alikuwa mfupi sana na bega likamshinda, ikabidi mama akunje magoti kidogo ili mkono ufike. Ulipofika, Bibi akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Endelea, mwinjilisti. Mimi ndiye niliyemzaa huyo aliyekaa."

Ibada ikaendelea. Nyumbani wageni walikula, majirani wakamnyang'anya mama mwiko na kumlazimisha akae mezani na wazee wenzake, na baba akajifanya ana shughuli na mbuzi nje mpaka jua likazama. Bibi hakueleza kwa nini alibadilika, na aliyemuuliza aliulizwa kama hana kazi nyingine. Mama alitumikia uzee wake wa kanisa hadi alipostaafu kwa heshima. Baba hakumzuia siku hata moja, wala hakulizungumzia lile benchi. Walilala kitanda kimoja na jambo lile katikati yao.

Siku hizi usharika wetu una mchungaji mwanamke, na vijana wanakaa kanisani na wake zao benchi moja, wakipakatiana watoto. Wazee wakiingizwa kazini, mume na mke husimama sambamba na kupigwa picha za simu, na binti yangu haoni ajabu yoyote. Nami sijivuni sana. Mume wangu huosha vyombo vizuri tu huku Dodoma, lakini wenzake wakiingia sebuleni yeye hukaa na kuniagiza maji ya kunywa, na mimi huinuka kuyaleta.

Krismasi iliyopita tulipanda nyumbani. Baba sasa haoni; presha ya macho ilimla taratibu. Tulipokuwa tukienda kanisani kwa njia ile ile, mama alikuwa mbele, na baba nyuma yake, mkono wake wa kulia begani kwa mama. Hutembea hivyo kila Jumapili, na kila mtu njiani huwaamkia shikamoo na kutabasamu. Nilijawa na furaha ya kitoto. Nikamsogelea mama na kumwambia kwamba hatimaye baba amemshika bega. Nilidhani atacheka.

Mama aliendelea kutembea. "Mkono huu niliutaka wakati anaona," alisema.

Baba alisikia, maana alikuwa karibu kuliko mimi. Mkono hakuuondoa. Mama akapunguza mwendo, kwa sababu pale mbele njia ilikuwa na mawe.