Mkanda Unaosimama Fundi Akiondoka

Saa moja na robo asubuhi, fundi amelala chali chini ya mkanda unaosafirisha sabuni. Mgongo wake uko kwenye sakafu yenye unga mweupe wa sabuni, na macho yake hayabanduki kwenye taa nyekundu ndogo kama punje ya mchele. Midomo yake inahesabu.

"Moja. Mbili…"

"Fundi, tayari?" sauti inauliza kutoka juu.

Taa inatulia, kisha inaanza kupepesa upya. Naye anaanza upya.

"Moja. Mbi…"

"Fundi, msimamizi anauliza, tuendelee au tusubiri?"

Anajikokota kutoka chini, nywele zimejaa chenga za sabuni. "Jamani! Nimeomba nusu dakika ya kimya. Nusu dakika tu! Mtu akiwa anajifungua mngemsemesha hivi?"

"Huyo ndiye husemeshwa zaidi," anajibu mfungaji mmoja, na chumba kizima kinacheka.

Fundi hacheki. Anarudi chini.

Ni mwanamke wa miaka arobaini na mitatu na ndiye fundi pekee wa mota katika kiwanda hiki cha sabuni. Kila mtu hapa anamwita Kimya, kwa sababu ndilo neno analolitumia zaidi. Anatunza mota tisa, na kwa wiki tatu sasa moja ya mota hizo, ile inayovuta mkanda wa chumba cha kufungia, imekuwa ikimtia wazimu.

Mota zake ni za aina isiyo na makaa. Zile za zamani zilikuwa na vipande vya makaa ndani, vilivyosuguana mpaka vikaisha, na fundi alivibadilisha kama mtu anavyobadilisha soli ya kiatu. Hizi za sasa hazina cha kusuguana. Kila moja ina giaboksi mbele yake ya kupunguza mwendo na kuongeza nguvu, na ina kisanduku chake ukutani au chini ya meza, kinachoipimia umeme na kuilinda.

"Kisanduku kina akili," anasema Kimya. "Kikiona mota inaumia, kinaizima kabla haijaungua, halafu kinapepesa taa. Mara mbili, mzigo umezidi. Mara tatu, kuna shida kwenye zile nyaya nyembamba zinazoleta habari kutoka ndani ya mota. Mara nne, umeme umepanda. Ni mgonjwa anayekuonyesha kwa kidole panapouma. Sasa mgonjwa wangu walikuwa wamemfunika uso."

Walimfunika kwa utepe mweusi. Mkanda ulipogoma tena asubuhi hii ndipo Kimya alipougundua, umebandikwa vizuri juu ya taa.

Aliyeubandika ni mfungaji mwenye mwili mkubwa na sauti kubwa, anayeitwa Kicheko. Anayeketi karibu naye, Bi Mkubwa, ni mama wa miaka sitini na mmoja aliyefanyiwa upasuaji wa macho mwaka huu, na taa ile nyekundu ilikuwa inamchoma. Kicheko hakumwambia mtu. Alileta utepe kutoka nyumbani.

"Nilikunja na kona," anajitetea, "ili mwenye kuitaka taa aubandue bila kuhangaika."

"Ningeitakaje taa ambayo sijui kama inawaka?" anauliza Kimya. "Wiki tatu nakuja hapa, natazama, naona giza, nasema kisanduku hakijalalamika. Kumbe kinalia ndani ya shuka!"

Katika wiki hizo tatu mkanda ulisimama mara nne hadi sita kila zamu. Ukisimama, mfungaji mmoja hubonyeza kitufe. Usipoondoka, mwingine hukimbilia swichi kubwa ya ukutani, huzima, huhesabu kumi na kuwasha tena, kama afanyavyo nyumbani redio ikikoroma.

"Hiyo ndiyo inayonikata maini," anasema Kimya. "Ukizima swichi kubwa, kisanduku kinasahau kilichokuwa kinalalamikia. Na mota inarudi kazini bado ina homa. Nimewaambia. Nimebandika karatasi. Karatasi wameitumia kufutia mikono."

Yeye alifanya yote yaliyo ndani ya uwezo wake. Alipima umeme asubuhi na mchana. Alikaza kila kiungio cha waya. Alikagua waya wote kwa vidole, hatua kwa hatua, akitafuta mahali palipobonyea. Mwishowe akafunga mota mpya, ya akiba, na ndiyo iliyokuwa pekee stoo. Bei yake ni sawa na mshahara wake wa mwezi mmoja na nusu.

Zamu hiyo hiyo mkanda ukasimama tena.

Kilichomuumiza zaidi ni kwamba haukusimama hata mara moja mbele yake. "Nikifika, unateleza kama maji. Nakaa robo saa, nakaa nusu saa, hakuna kitu. Nikigeuza mgongo, sijafika hata mlangoni, 'Fundi! Fundi!'"

"Unakuogopa," Kicheko alimwambia siku moja. "Mume wangu angekuwa hivyo, ningekuajiri."

Kimya anaishi katika vyumba viwili pamoja na mama yake na binti yake wa sekondari. Ndiye binti aliyekaa mezani jioni tatu akaitafsiri orodha ya kupepesa kwa taa kutoka kwenye kitabu cha mota, neno kwa neno, akaiandika nyuma ya kalenda ya zamani kwa herufi kubwa ili Kimya aisome hata akiwa amelala chini. Mama mzazi wa Kimya naye ana malalamiko yake.

"Hata akila anahesabu," anasema bibi huyo. "Juzi nilimwambia, mwanangu, hebu tafuna kwanza."

Jumatatu ya wiki hii msimamizi alimwita ofisini. Alizungumza kwa upole, anasema Kimya, na hilo lilimtisha kuliko ukali. Alimpa mpaka Jumamosi. Mkanda ukisimama wenyewe siku hiyo, utafunguliwa na kuuzwa, na chumba cha kufungia kitarudi kwenye trei.

Trei moja iliyojaa miche ya sabuni ina kilo kumi na nane. Hubebwa kutoka chumba cha kukatia, hatua thelathini na mbili, na kila mfungaji huhitaji trei kama hamsini kwa zamu. Wafungaji wako sita. Watano wangeweza, kwa manung'uniko. Bi Mkubwa asingeweza. Goti lake la kulia halijakunjika vizuri kwa miaka minne. Amefanya kazi hapa miaka kumi na tisa, na ni mkanda huu unaomletea kazi alipoketi.

Hakuna aliyelisema hilo kwa sauti. Lakini tangu Jumatatu Kimya amekuwa akifika saa moja kabla ya zamu, bila malipo. Na kila asubuhi amekuta juu ya boksi la vifaa vyake kikombe cha chai kilichofunikwa kwa sahani, na Bi Mkubwa akitazama upande mwingine.

Sasa ni Alhamisi, na kwa mara ya kwanza Kimya amefanikiwa kuhesabu.

"Mbili," anasema akiinuka. "Mzigo umezidi. Mzigo gani? Sabuni hizi? Mota hii inaweza kuvuta mara tatu ya hizi!"

Anazima umeme na kufungua mnyororo unaotoka kwenye giaboksi. Anazungusha kwa mkono shafti, ule mhimili unaovuta mkanda, inazunguka laini. Anafunga tena na kuuendesha mkanda ukiwa mtupu. Unakwenda. Anaujaza miche ya sabuni mwanzo hadi mwisho. Unakwenda. Dakika ishirini zinapita huku wafungaji sita wakimtazama.

"Mnaona? Mzima kabisa! Sasa niambieni mimi nina kichaa au huu mkanda ndio wenye kichaa?"

Kisha Bi Mkubwa anauliza taratibu, "Mwanangu, basi sisi tukae?"

Kimya anageuka. Anawatazama mmoja mmoja. Wote wamesimama kando ya ukuta, viti wamevivuta nyuma, vikapu mikononi.

"Kwa nini mmesimama?"

"Si umekuja wewe?" anasema Kicheko. "Fundi akija tunampisha. Tukae tu tukitazamana na wewe uko sakafuni? Haipendezi."

"Siku zote mnasimama?"

"Siku zote. Ni heshima tu."

Kimya anajishika kichwa. Wiki tatu amekuwa akiujaribu mkanda ambao hakuna mtu aliyeketi kando yake.

"Kaeni," anasema. "Kaeni kama mnavyokaa. Fanyeni kazi. Mimi sipo. Mimi nimekufa."

"Usiseme hivyo, fundi."

"Kaeni!"

Wanaketi. Karatasi zinaanza kukunjwa, katoni zinaanza kujaa. Kwa dakika kumi na moja mkanda unakwenda. Kisha sauti ya mota inabadilika, inakuwa nzito, kama mtu anayepanda ngazi na gunia. Mkanda unasitasita. Unasimama.

Kimya yuko chini kabla taa haijaanza kupepesa. Anamulika kwa tochi. Mbele ya pua yake upo mguu wa kulia ndani ya kiatu cha turubai. Mguu umepumzika juu ya ubao, na ubao umefungwa kwa vitambaa kwenye chuma kinachoshikilia rola inayozunguka chini ya mkanda. Uzito wa mguu umekivuta chuma, rola imeinama, na ukingo wa mkanda umebanwa kwenye fremu.

"Huu ubao uliwekwa lini?" anauliza kutoka huko chini.

Kicheko anaweka chini katoni yake.

"Wiki tatu hivi," anasema Kicheko, na kwa mara ya kwanza sauti yake ni ndogo. "Mguu wa Bi Mkubwa ulikuwa unavimba kwa kuning'inia. Tulichanga vitambaa sote."

Kimya anatoka chini, anapita katikati yao na kwenda uani. Kupitia dirishani anasikika akizungumza kwa ukali na ukuta. Maneno mengine hayaandikiki. "Mota nzima!" yanasikika. "Mota nzima nimefungua!"

Anaporudi, anamkuta Bi Mkubwa ameinama, anafungua vitambaa.

"Utoeni," anasema mama huyo. "Nitakaa hivyo hivyo. Nimekuharibia kazi, mwanangu, na wewe ulikuwa unahangaika kwa ajili yangu."

"Nani amekwambia ukae hivyo hivyo?" Kimya bado amekasirika, anamvulia kiatu kwa uangalifu huku akifoka. "Nimesema mguu usikae kwenye rola. Sikusema uning'inie. Hebu nipime. Hapa panatosha? Juu zaidi? Sema, mama, usinionee haya!"

Mchana huo alipasua kasha la mbao lililoleta ile mota mpya, akatengeneza kigoda chenye miguu minne kinachojisimamia sakafuni. Vitambaa vilevile vikawa mto juu yake.

Jumamosi msimamizi alisimama mlangoni na saa yake tangu saa moja. Wafungaji hawakuzungumza, jambo ambalo halijawahi kutokea. Saa tano na dakika chache, mkanda ukasimama.

"Umesimama!" alisema msimamizi.

"Nimeusimamisha mimi!" alipiga kelele Kicheko, mkono mmoja juu, kidole cha mkono mwingine bado kwenye kitufe. "Glovu yangu imeanguka! Ni glovu tu, bwana mkubwa!"

Kimya alilala chini. Taa haikupepesa hata kidogo. Msimamizi naye aliinama, suruali yake safi ikagusa sakafu, akaangalia mwenyewe. Mkanda ukaendelea mpaka mwisho wa zamu saa saba.

"Mkanda unabaki," alisema msimamizi. Kisha akafungua daftari. "Lakini nataka kuandika. Mzigo ulitoka wapi? Nani aliweka kitu?"

Wafungaji waliinamia sabuni zao.

"Rola ilikuwa imeinama," alijibu Kimya. "Nimeinyoosha. Andika hivyo. Na mota ya zamani iko salama, nimeirudisha stoo, itakuwa ya akiba."

Msimamizi alimtazama, akakitazama kigoda, akaandika hivyo.

Tangu wiki iliyofuata, kila Jumanne wafungaji sita wana nusu saa ya somo. Kalenda ya binti imetundikwa ukutani, juu, mahali ambapo haiwezi kufutiwa mikono. Wanajifunza kuhesabu, kugusa mota kama ina joto, na kutazama chini ya meza kabla ya kumwita mtu. Kimya ni mwalimu asiye na subira, na wanafunzi wake wanajua.

"Mimi msinilaze sakafuni kuhesabu," ameonya Bi Mkubwa. "Mkinilaza, kuniinua mtahitaji mota mbili."

Kimya ameshapeleka fomu ya likizo, ya kwanza kwa miaka mitatu. Aliomba siku kumi na nne. Msimamizi aliuliza nani atabaki na mota tisa, akaonyeshwa wanawake sita wanaokunja karatasi. Alitoa kalamu mfukoni, akasaini siku kumi.

"Zinatosha," anasema Kimya. "Siku ya kwanza nitalala mpaka jua liingie chumbani. Ya pili nampandisha mama basi, twende kwa kaka yangu. Mama ana mjukuu huko, wa miezi minane, na bado hajambeba."