Maksai Wawili kwa Pikapu Moja

Mume wangu Alute hakuweza kupita karibu na kitu kilichovunjika bila kukionea huruma. Wengine huokota yatima. Yeye aliokota miavuli isiyo na kitambaa, cherehani isiyo na sindano, baiskeli isiyo na mnyororo. Nyumba yetu ya tembe pale Issuna ilijaa vyuma mpaka mbuzi wakahamia nje wenyewe bila kufukuzwa. Aliwahi kutengeneza saa ya ukutani iliyotupwa na misheni. Ilitembea vizuri sana, ila ilitembea kurudi nyuma. Tuliishi nayo mwaka mzima, na nawaambia kweli tupu, mwisho wa mwaka mvi zangu tatu zilikuwa zimerudi kuwa nyeusi na jino langu lililong'oka lilikuwa linachungulia. Nikamwomba aisimamishe kabla sijarudi kuwa mchumba wake, maana ile shughuli ya kuolewa na Alute nisingeiweza mara mbili.

Alikuwa mrefu, mwembamba, mpole, mikono imejaa makovu ya bisibisi. Na neno la mtu yeyote kwake lilikuwa kweli. Ukimwambia fisi ameacha nyama, atakuuliza sasa anakula nini, maskini.

Mambo haya yalitokea mwaka ule kabla hatujahamishiwa kwenye kijiji cha ujamaa. Ulikuwa mwezi wa kumi, nchi imekauka kama ngozi ya ngoma, na mawingu ya kwanza yameanza kuchungulia upande wa Manyoni. Sisi tulikuwa na maksai wawili wa kulimia, hao tu. Mmoja aliitwa Uhuru, wa pili Kazi, kwa sababu tuliambiwa mkutanoni kwamba viwili hivyo lazima viende pamoja. Walikwenda pamoja kweli, ila Uhuru alikuwa anakula na Kazi ndiye alikuwa anavuta. Hata hivyo, bila hao hakuna uwele wala mtama, na kwetu mtu asiye na uwele anasonga ugali wa upepo.

Siku moja Alute akaja mbio, kofia mkononi.

"Mama Theodora! Nimeliona!"

"Nini? Simba?"

"Gari langu!"

"Wewe ulikuwa na gari lini?"

Akakaa, akahema, akanieleza. Alipokuwa kijana, wakati wa wakoloni, alikwenda Kongwa kufanya kazi kwenye mashamba ya karanga. Huko kulikuwa na pikapu ya kijani ya msimamizi. Ilikuwa ikikwama kwenye tope kila mvua, na vijana wanaitwa kuisukuma. Msimamizi anakaa mbele, anashika usukani. Kando yake anakaa mbwa wake. Alute alisukuma misimu miwili, akarudi nyumbani na matope masikioni, na kiti cha mbele hakukikalia hata siku moja.

"Sasa iko uani kwa Urbano," akasema. "Ile ile! Imekula kutu, lakini ni yenyewe. Mlangoni bado kuna lile bonde la kusukumia. Nimeweka bega langu, limeingia kama yai kwenye kiota."

Urbano tulimjua wote. Alikuwa dereva zamani, na siku hizo alikuwa anauza chochote kilichoweza kusimama, na vingine vilivyoegemezwa.

"Anataka nini?" nikauliza.

Alute akaangalia miguu yake. "Anataka Uhuru."

"Mpe. Mvivu yule."

"Na Kazi."

Nikaacha mchi ndani ya kinu. "Na shamba utalima kwa nini? Kwa honi?"

"Nitaitengeneza kabla ya mvua. Itavuta jembe."

"Itakunywa nini? Togwa?"

Tulibishana siku mbili. Siku ya tatu hakubishana. Aliniambia taratibu tu, akiwa ameshika kikombe chake cha uji, "Mama Theodora, mbwa alikaa mbele."

Hapo nikarudi kwenye kinu, nikatwanga mtama ambao ulikuwa umeshatwangwa.

"Sawa," nikamwambia baadaye. "Lakini ikaguliwe kama ng'ombe wa mahari. Na ng'ombe wa mahari hakaguliwi na anayemtamani. Anakaguliwa na mtu baki."

Ndipo tukamwita fundi Mselemu kutoka Singida mjini. Alikuwa kijana msafi, mwenye adabu, mjuzi wa injini. Kosa lake moja tu, siku aliyopata nafasi ilikuwa Ijumaa, na alikuja na kanzu nyeupe ili akitoka kwetu apitilize msikitini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Utakaguaje gari na kanzu?"

"Kwa macho, mama. Na Mwanvua mke wangu ameapa, nikirudi na doa hata moja nilale kwa mama yangu."

Tukaenda kwa Urbano, na maksai tukawaswaga mbele yetu, maana Alute alikuwa na uhakika kwamba jioni tutarudi bila wao. Akawafunga kwenye nguzo ya mlango wa boma kwa fundo lake la siku zote, lile ambalo hata ndovu angeliomba radhi.

Pikapu ilikuwa katikati ya ua. Ilikuwa na rangi ya udongo wa kichuguu, taa moja, na kuku ametaga kwenye kiti. Kitu kimoja kikanishangaza: pande zote ilikuwa imezungushiwa miiba mikavu, mirundo kwa mirundo, kama zizi la ndama, isipokuwa upenyo mdogo mbele na mwingine mlangoni.

"Shemeji, karibu!" Urbano akaniambia, meno yote nje. "Umekuja kumwona mke mwenzako?"

"Nimekuja kumhesabu meno. Miiba ya nini?"

"Watoto, shemeji. Watoto wa siku hizi hawana nidhamu."

Mselemu akafunua boneti. Akachomoa kijiti cha oili, akanusa, akapangusa, akatazama tena. Akagonga rejeta kwa kidole. Akaomba hendeli ya kuwashia injini, akakunja mikono ya kanzu, akazungusha mara moja, mara mbili. Mara ya tatu ile injini ikakohoa, ikapiga chafya, ikanguruma! Yule kuku aliyetaga aliruka akapita juu ya Singida yote, na nasikia alitua Babati, ambako wajukuu wake wapo mpaka leo.

"Injini nzima," Mselemu akasema, na yeye mwenyewe akashangaa. "Nzima kabisa."

Alute alikuwa amesimama mlangoni, bega lake ndani ya lile bonde, machozi yanamlengalenga.

"Ilikuwa inabeba nini?" nikamwuliza Urbano.

"Masista wa misheni, na vitabu vya nyimbo. Basi! Gari hii imesikia sala nyingi kuliko wewe, shemeji."

"Na chini?"

"Chini safi. Nimeisiriba."

"Umeisiriba?"

"Udongo na kinyesi cha ng'ombe, kama ukuta wa tembe. Chuma kisipate joto."

Mselemu akainama kidogo, akashika kanzu yake, akatazama ile miiba. Akajinyoosha. "Chini sijaona," akasema. "Injini ndiyo nimeiona."

"Injini ndiyo gari!" Urbano akasema. "Nani anaendesha chini?"

Mimi nilikuwa nimeegemea mlango. Jua kali, mkono una jasho. Nikajifuta mdomo kwa kiganja, na ulimi wangu ukashtuka. Nikatazama huku na huku. Nikapitisha kidole kwenye kutu, nikakilamba.

Niwaambie kitu. Mimi nilizaliwa kando ya ziwa la Singida. Mama yangu alinifundisha kukwangua chumvi ufukoni kabla hajanifundisha kutembea. Chumvi ya ziwa naijua, kali kwanza, halafu inaacha uchungu kidogo kooni. Na hii ilikuwa yenyewe. Masista gani hao? Hii gari ilikuwa imebeba magunia ya chumvi, na si ya siku moja. Na chumvi kwa chuma ni kama mchwa kwa mlango. Anakula ndani, nje anakuachia rangi.

Ningesema? Alute angesema nina wivu. Urbano angeuliza tangu lini gari likakaguliwa kwa ulimi. Na tayari Alute alikuwa anamnyooshea Urbano mkono wamalize.

Nikaenda pale mlangoni pa boma kuwafukuzia maksai nzi. Nilikaa nao kidogo. Kilichotokea kwenye kamba sikijui. Nilichojua ni kwamba mara Kazi amenipita, pua mbele, anakwenda uani kama mtu aliyesikia harufu ya nyama choma.

"Ng'ombe! Shikeni ng'ombe!" Urbano akapiga kelele, na hapo nikajua kwamba miiba haikuwa ya watoto hata kidogo.

Kazi akaisukuma miiba kwa pembe. Akalamba mlango. Akalamba bawa la gurudumu. Kisha akapiga magoti ya mbele, kama Mkristo mwema, akaingiza kichwa chini ya pikapu na kuanza kazi. Ule udongo wa Urbano ukaanguka mapande mapande. Ulimi wa maksai yule ulikuwa na urefu wa kanga moja na nusu, na mwenye kubisha alete wake tupime. Tukasikia kitu kinavunjika, kwaa! kama ukoko wa ugali. Kazi akatoa kichwa, na mdomoni ana kipande cha chesisi, uti wa mgongo wa gari, anakitafuna.

Mselemu akasahau kanzu. Akajitupa chini, akaingia mzima mzima, tukabaki kuona ndala zake. "Bisibisi!" akaita. Akachoma. "Inaingia kama kwenye boga bivu! Hii kitu imesimama kwa udongo tu! Mzee Urbano, ulikuwa unauza gari au nyumba?"

"Masista," Urbano akasema, sauti imekuwa ndogo, "masista walishuka zamani kidogo."

"Na nani akapanda?"

"Chumvi. Miaka sita."

Alute aliondoa bega lake kwenye lile bonde polepole, akaweka kiganja. Nilimwangalia, na nakiri moyo wangu uliuma, maana maksai nilikuwa nimewapata, lakini yule kijana wa Kongwa alikuwa bado yuko nyuma anasukuma.

Wakati huo ng'ombe wa kijiji walikuwa wanarudi kutoka kisimani. Walikuwa arobaini. Wapo wanaosema ishirini, lakini hao hawakuwepo. Upepo ukawapelekea habari, wakageuka wote, wakaingia bomani kwa Urbano wakipita juu ya uzio. Wakalamba pikapu, wakalamba ukuta uliokuwa karibu na pikapu, na Urbano mwenyewe wakamlamba shati likatoka.

"Iondoeni!" akalia. "Alute, ndugu yangu, nitazungushia miiba mpaka lini? Ichukue!"

Mselemu akatoka chini, mwekundu kama pilipili. Mwanvua aliifua kanzu ile siku tatu, maji yakawa chai. "Baba Theodora," akasema, "injini ni nzima, sikukudanganya. Na chesisi kwani lazima iwe chuma? Tela la ng'ombe linabebwa na mti. Tafuta mninga mkavu, mimi nitakuja na nguo za kazi tufunge."

Uso wa Alute ukafunguka kidogo.

"Ichukue bure!" Urbano akasema.

"Hapana," Alute akajibu. "Kitu cha bure hakina heshima. Nitakupa beberu, na debe la asali."

Nilimkanyaga mguu, lakini asali ilikuwa imeshatoka mdomoni.

Basi tukafunga minyororo, na Uhuru na Kazi wakawekwa nira mbele ya pikapu. Alute akaketi kwenye usukani, akafungua mlango wa upande wa pili.

"Panda, Mama Theodora."

"Hapo si mahali pa mbwa?"

Alicheka mpaka akashika usukani asianguke. Tukaondoka. Njia nzima hakuacha kugeuza usukani, ingawa waliokuwa wanaamua njia ni maksai, na kila tuliyempita alimpungia mkono. "Habari za mchana! Nzuri! Ndiyo, yangu!" Watoto walisukuma nyuma. Akawasimamisha, akasema hapana, gari hii hakuna mtu anasukuma, atakayechoka apande.

Mvua ikaja, tukalima kwa maksai, tukavuna. Kiangazi kilichofuata Mselemu akaja na nguo zake za kazi, wakachonga mninga, na pikapu ikatembea kwa miguu yake. Ilikuwa na tabia moja tu. Ile chumvi haikuisha mwilini mwake. Tulipokwenda Misigiri kumwona binti yetu Theodora alipojifungua, ng'ombe wa kila kijiji tulichopita walitufuata. Tulipofika, mkwe wetu alidhani tumeleta mahari ya kumrudisha binti. Ilituchukua siku mbili kuwarudishia watu mifugo yao.

Ni kwenye safari ile ya kurudi, tumesimama tunangoja ndama wa mtu amalize kulamba bampa, Alute aliponiuliza bila kunitazama.

"Mama Theodora, lile fundo siku ile nililifunga mimi. Kazi alilifunguaje?"

"Kwa ulimi," nikasema.

"Hata mimi niliona ni kwa ulimi," akasema, akaingiza gia. "Nilikuona ukilamba kidole."