Darubini Isiyojua Mvua ya Mawe

Hasira yangu ni ya mtu aliyesoma: huja mkutano ukishaisha, pamoja na majibu makali ambayo hakuna aliyebaki kuyasikia. Siku ile ilikuja mapema, na bado haikunisaidia.

Nilikuwa nikimsimamia mwanafunzi mmoja wa fizikia, binti wa mchuma chai. Kuna darubini inayozunguka dunia huko juu ya hewa, kwa sababu hewa huzuia miale ya gamma, mwanga wenye nguvu usioonekana kwa macho, isitufikie. Nyota ikifa vibaya, au mbili zikigongana, miale hutoka kwa ghafla, pengine kwa muda wa kupiga chafya, na fuwele zilizo ndani ya darubini humetameta. Kompyuta huhesabu mimeto hiyo, na hesabu huwekwa kwenye intaneti, bure kwa yeyote. Kazi ya binti ilikuwa kutafuta milipuko dhaifu ambayo kompyuta iliipita bila kuiona. Alikuwa ameupata mmoja. Alihitaji wiki tatu kuhakikisha kwamba si jua lililotuchezea, au chembe tu zinazoizunguka dunia.

Alihitaji pia intaneti nzuri, na upande wetu wa Chepilat ilikuwapo katika ukumbi wa chama cha wakulima. Mimi ndiye niliyewaandikia kuomba chumba. Nikaongeza chumvi kidogo: kwamba utafiti huu wa anga utawafaa wakulima wanaosumbuliwa na mvua ya mawe. Huku kwetu mawe yakianguka dakika tano, shamba la chai hubaki vijiti. Nilijua neno la kufungulia mlango. Chumba tulipewa, nami nilijipongeza, hata.

Katika mkutano wa wanachama mwenyekiti alimwita binti mbele.

"Haya, daktari wetu. Mwezi huu mawe yataanguka lini, tuchume mapema?"

Watu walipiga makofi. Binti alinitazama. Mimi nikatazama viatu vyangu.

"Mzee, darubini hii haiangalii mvua," akasema. "Inaangalia nyota zinazokufa."

"Zinafia wapi? Bomet hapa jirani?"

"Mbali sana. Mwanga wa hii niliyoipata uliondoka huko kabla dunia yetu haijakuwapo."

Mama mmoja mzee aliyekaa mbele akapaza sauti: "Sasa mtoto wangu, kama ilikufa zamani hivyo, matanga ni ya nini leo?"

Ukumbi ulivunjika kwa kicheko. Binti naye alicheka, akamjibu, "Mama, habari ya msiba ndiyo imefika sasa hivi." Mama yule akatikisa kichwa, ameridhika. Kwa dakika moja nilidhani tumepona.

Mwenyekiti akavaa miwani na kuisoma barua yangu, sentensi ile ya mawe, mara mbili. Kisha akamgeukia binti, si mimi.

"Kwa hivyo ulitudanganya?"

"Mimi sikuandika hiyo barua."

"Mwalimu ni mtu wetu, hawezi kutudanganya. Nyinyi wageni ndio mnakuja na mambo yenu."

Mgeni! Alizaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi, vilima viwili kutoka pale. Wazazi wake walihamia huku kutoka upande wa ziwa, wenye lugha nyingine, kabla yeye hajazaliwa, na chai ambayo mama yake amechuma ingewaosha wanakamati wote na miwani yao. Nilipaswa kusimama. Nilikuwa na digrii mbili na sauti ya kufundishia watu mia. Nikakohoa.

Siku iliyofuata chumba kilijaa magunia ya mbolea. Nilimkuta binti akikunja nyaya, nikamwambia, "Pole. Nitaenda kumwona mwenyekiti nyumbani kwake."

"Nyumbani?" akauliza. "Mwalimu, mimi niliitwa mwongo mbele ya watu."

Basi wiki iliyofuata nilienda kwenye kituo cha kununulia majani ya chai, saa ile watu wamepanga foleni na magunia yao wakisubiri mizani, na mwenyekiti akiwamo. Nikasema kwa sauti kwamba uongo ulikuwa wangu.

"Si ungesema siku ile, mwalimu?" mama yule mzee aliniuliza. "Ama ulikuwa umejaza nini mdomoni?"

Mwenyekiti alinishika mkono kwa upole. "Tumekusamehe, mwalimu. Lakini chumba kimejaa."

Mimi nilisamehewa papo hapo, bila hata kuomba. Binti hakuombwa radhi na yeyote, wala chumba hakikurudi. Aliendelea kwa simu, faili moja ikichukua asubuhi nzima kuingia na kukatika katikati, mpaka tarehe ya kuwasilisha tasnifu ikamkuta. Mlipuko wake uko kwenye jedwali la mwisho, na mbele yake ameandika: haujathibitishwa. Chini ya ukurasa ule palihitajika sahihi ya msimamizi. Alinisukumia karatasi na kalamu, nami nikatia sahihi.